Nitakunywa Dawa Yako

Katika nyumba ya Mama Dirisha, neno "dawa" lilipigwa marufuku. Ukitaka kupiga mswaki, unaomba "ile ya meno". Mbu wakizidi, unatafuta "ile ya mbu". Viatu vya shule vikipauka, vinapakwa "ile nyeusi". Mtoto wake wa kwanza alipoanza shule akaulizwa mgonjwa hupewa nini, alijibu kwa kujiamini, "Hupewa ile." Mwalimu akamwita mama mtu, akamweleza kwa upole kwamba mtoto huenda ana tatizo la kusema. Mama Dirisha akaahidi kulifuatilia. Angesema nini, jamani? Kwamba nyumbani kuna mwanamume mzima ambaye ukilitaja neno hilo anasusa chakula?

Na kinachochekesha zaidi ni kwamba mama huyo alikuwa akila mshahara kwa neno hilohilo. Alikaa dirisha la dawa katika zahanati ya mtaa, ndiko jina lake lilikotoka, na kutwa nzima ilikuwa ni hilo tu. "Dawa hii moja kutwa mara tatu. Dawa hii usinywe na njaa. Wewe baba, hiyo dawa ni ya kupaka, ukiinywa usije kunililia hapa." Alikuwa na sauti ya kupasua mabati. Wagonjwa walisogea kwenye mstari kimya kimya, hata wale waliokuja na kikohozi walikimeza mpaka wapite. Jioni alivua koti jeupe, akalitundika kwenye msumari, akaliacha neno lile hukohuko, akaenda nyumbani kuwa mke wa mtu.

Mtu mwenyewe alikuwa mpiga picha. Studio yake ilikuwa chumba cha mbele kinachotazama barabara. Mlikuwa na pazia la buluu lililochujuka, stuli, taa yenye mwavuli mweupe, kitana kilichofungwa kwa kamba kisije kikaibiwa, na koti moja la suti ambalo nusu ya wanaume wa mtaa ule wamepigiwa nalo picha za vitambulisho. Wenyewe walimwita Mzee Pasipoti. Kazi yake, ukiitazama vizuri, ilikuwa kuzuia watu wasicheke. "Kidevu juu. Masikio yaonekane. Usicheke. Nimesema usicheke, sasa unacheka nini?" Sehemu hiyo ya kazi aliipenda kuliko zote.

Lakini zamani, kabla magoti hayajaanza kulia, aliitwa Direkta. Alikuwa kijana mwembamba mwenye kofia, kamera ya kuazima na maneno mengi. Kwa maneno hayo alimnasa tajiri mmoja muuza magodoro, akamjaza upepo mpaka akakubali kugharimia filamu ya kutisha. Tajiri hakuwa mtu wa sanaa. "Watu wanataka damu na mapaja," alisema, "na mimi nataka magodoro yangu yaonekane." Basi filamu ile, Mnyonya Damu wa Ghorofa ya Nne, ina godoro karibu kila kipande. Sebuleni godoro, kituo cha polisi godoro, na makaburini kuna godoro limeegemezwa kwenye mti, bado liko ndani ya nailoni. Mnyonya damu mwenyewe halali kwenye jeneza. Analala kwenye godoro nene, na nembo ya duka inasomeka vizuri. Hiyo ghorofa ya nne ndiyo usiniulize kabisa. Jengo walilopewa lilikuwa na ghorofa moja. Watu wanapanda ngazi zilezile mara nne, na mara zote nne wanampita mama yuleyule anayefua.

Mama Dirisha wakati huo alikuwa msichana anayejifunza kazi. Alikwenda studio alikofanya kazi Direkta kupiga picha ya kitambulisho, akatoka na kazi ya kunyonya damu. Direkta alimtazama kwenye lenzi, akanyanyua kichwa, akasema, "Dada, una macho ya maiti." Alimaanisha kumsifu. Msichana alicheka mpaka akashika stuli, na nadhani siku ileile mambo yao mengine yote yalikuwa yameshaamuliwa.

Mapaja aliyakatalia. Tajiri alitaka mnyonya damu aoge mbele ya kamera, na msichana akasema kuoga ataoga, ila na koti la mvua. Walibishana asubuhi nzima. Mwisho akaoga na koti la mvua, vifungo vimefungwa mpaka kidevuni, anajisugua sabuni juu ya koti, na macho yake yanamkodolea mtazamaji kama anayemwambia thubutu. Tajiri alipoona kipande hicho alikaa chini akaomba maji.

Sasa njoo kwenye balaa lenyewe. Mwisho wa filamu, mnyonya damu amembana mwenye nyumba kwenye kona, anaonyesha meno, anatamka kwa sauti ya kaburini: "Nitakunywa damu yako!" Hilo ndilo lililoandikwa. Meno hayo Direkta aliyachonga mwenyewe kutoka kwenye mshumaa, mawili marefu juu na mawili chini, kazi ya siku mbili, na alijivunia sana. Msichana akayavaa, akasimama, taa zikawashwa, kamera ikazunguka. Akafungua kinywa chake, ikatoka, tena kwa nguvu zote: "Nitakunywa dawa yako!"

Mkanda ukaisha palepale. Hakukuwa na mkanda mwingine, wala tajiri mwenye hamu ya kuununua. Ikabaki hivyo.

Siku ya kuonyeshwa kwa mara ya kwanza, Direkta alisimama karibu na mlango, amevaa tai, anangoja watu wapige mayowe. Na mayowe yalikuja kweli, ila hayakuwa yale aliyoyangoja. Mwenye nyumba pale kwenye skrini anatetemeka, jasho linamtoka, anaomba asamehewe, na yote hayo kwa sababu kiumbe cha kuzimu kinataka kumalizia dawa yake ya kikohozi. Mtu mmoja huko nyuma akapiga kelele, "Mpe basi, huoni anaumwa?" Ukumbi ukavunjika mbavu. Watu walidondoka kutoka kwenye mabenchi. Wakamzomea aliyeitengeneza, wakataka atoke mbele wamwone. Direkta alitoka kweli, lakini kwa mlango wa nyuma, akaenda moja kwa moja kuirudisha kamera ya watu. Hakutengeneza filamu nyingine maishani mwake.

Msichana aliolewa naye, hilo tumpe haki yake. Ila waligombana mara moja tu kuhusu jambo lile, na mara hiyo moja iliwatosha.

"Neno moja!" alisema bwana. "Nilikuomba neno moja tu!"

"Meno yako hayo!" alijibu bibie. "Midomo haikutani! Hebu wewe sema M midomo ikiwa haijakutana. Jaribu tuone."

"Usinifundishe kusema."

"Si ujaribu?"

Hakujaribu. Alinuna, akavuta shuka, akageukia ukutani, na tangu siku hiyo neno likafa ndani ya nyumba. Mke alidhani ni hasira ya wiki moja. Kumbe mwenzake ameamua kuzeeka nayo.

Wakazeeka basi, watoto wakaondoka mmoja mmoja, akabaki kitinda mimba wao, msusi, ambaye hakujua lolote kuhusu filamu kwa sababu hakuna aliyemwambia. Siku moja alirudi kutoka saluni ameshika simu kwa mikono miwili.

"Mama," alisema, "huyu anayeoga na koti la mvua si wewe?"

Mama Dirisha alivaa miwani. Alijitazama. Akajitazama tena. "Nilikuwa na kiuno mie," alisema.

Binti akamweleza. Kuna mtu alikuta kopi kwenye sanduku la vitu vya mnada, akairusha mitandaoni, na vijana wakaipenda kufa. Mwenye ukumbi mmoja mjini alikuwa akiionyesha kila mwezi, mchana wa Jumamosi, na watu walikuja wamevaa makoti ya mvua kwenye jua kali. Mlangoni waligawiwa meno ya plastiki. Mnyonya damu akifika kwenye lile neno lake, ukumbi mzima unalisema pamoja naye. Kulikuwa hata na fulana.

Hapo ndipo Mama Dirisha alipokaa kitini taratibu, maana kuna jambo lilikuwa limemwingia akilini. Kwa miezi mingi vijana walikuwa wakipokea bahasha zao za vidonge dirishani, wanamwinamia, wanasema kwa sauti nzito, "Nitakunywa dawa yako!" Kisha wanaondoka wanasukumana kwa kicheko. Naye kila mara aliwajibu, "Unywe kweli, mwanangu, na umalize dozi," akafikiri kizazi hiki afadhali kina utii. Alikuwa hata amekisifia kwenye kikao cha zahanati.

"Baba yako asijue," alimwambia binti. Basi akaanza kucheka, akacheka mpaka akajifunika uso kwa kanga.

Hangecheka sana kama angejua wiki ile inakuja na nini. Siku ya tatu yake, Mzee Pasipoti alikuwa amemkalisha mteja kwenye stuli, amemwambia anyanyue kidevu, amemwambia asicheke, na badala ya kubonyeza kamera akaanguka, yeye na mwavuli wa taa. Wakamleta zahanati anabebwa. Daktari akampima, akapima tena, akamwita Mama Dirisha pembeni. Presha ilikuwa juu mno. Alipewa vidonge vya kumeza kila siku, na daktari akasema bila kuzungusha kwamba asipovimeza, safari ijayo hataanguka akaamka.

Vidonge alivihesabu mkewe mwenyewe, kwa sinia lake na kijiko chake bapa, akavitia kwenye bahasha. Nyumbani alivipanga mezani na glasi ya maji.

"Ni nini hivi?" aliuliza mzee.

"Unajua ni nini."

"Mimi siumwi. Ni joto la taa."

"Meza, mume wangu."

"Nitameza nikimaliza kula." Na kweli, kila siku bahasha ilipungua, na Mama Dirisha akashukuru moyoni, akajisemea kumbe uzee huleta akili.

Mpaka alipokuja dirishani jamaa mmoja aliyetoka kupiga picha ya kitambulisho, akamwaga kiganja kizima cha vidonge kwenye kaunta. "Mama, hivi ni vya nini? Nimetia mkono mfukoni mwa lile koti la studio nikavikuta. Nisije nikawa nimevaa koti la mgonjwa." Mama Dirisha alivitambua hata kabla hajavigusa. Vilikuwa vyote. Hakuna kilichokosekana. Alilifunga dirisha mstari ukiwa umejaa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaenda chumba cha kuhifadhia mizigo, akakaa juu ya boksi akalia. Aliogopa. Mwanamke aliyetisha zahanati nzima aliogopa kurudi nyumbani akute mwavuli wa taa umelala chini tena.

Siku hiyo hakupiga kelele, na mzee alipoona hapigiwi kelele ndipo alipoingiwa na wasiwasi. Mama Dirisha alivimwaga vidonge mbele yake, akakaa.

"Kwa nini?" alimuuliza.

Mzee alichezea kitana chake. Alijibu kwa sauti ndogo. "Kila siku unanipangia hiyo kitu mezani kama unanikumbusha."

"Nakukumbusha nini?"

"Unajua."

Alijua. Yaani mtu yuko radhi kufa kwa sababu ya neno! Mama Dirisha alitamani kumpiga na sinia. Badala yake akachukua simu ya binti, akamwonyesha. Makoti ya mvua, meno, fulana, watu wamejaa mpaka mlangoni. Mzee alitazama mpaka mwisho, akairudisha simu.

"Bado wanatucheka," alisema. "Hawajachoka tu?"

"Hawatuzomei. Wanaipenda."

"Mimi nilikuwepo mlangoni, mama. Najua kuzomewa kunavyosikika."

"Haya, twende basi tukasikilize," alisema Mama Dirisha, na maneno yakamtoka kabla hajayapima. "Wakituzomea, vidonge vyote navitupa chooni mbele ya macho yako, na sitafungua mdomo wangu tena. Wasipotuzomea, unavimeza. Kila siku. Bila ya makoti."

Mzee alimtazama, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu aanguke, maana alikuwa na hakika ya ushindi. "Jumamosi," alisema. Alipotoka tu, Mama Dirisha akajishika kichwa. Dau gani hili ameweka, mwenzangu? Roho ya mumewe ameiweka mikononi mwa vijana wasiojua hata kufunga kamba za viatu.

Jumamosi walikwenda, wao wawili tu. Mzee alikubali kwa sharti moja, kwamba asitambuliwe na mtu. Kwa hiyo alivaa koti la mvua, akavuta kofia yake mpaka kwenye nyusi, na mlangoni alipopewa meno ya plastiki aliyavaa papo hapo. Yalikuwa makubwa, ya bei poa, yanausukuma mdomo wazi. Mama Dirisha yeye alivaa gauni lake la kawaida na miwani. Hakuna aliyemtambua. Alipita kati ya vijana waliovaa uso wake kwenye fulana, wakamwambia, "Samahani, bibi, tupishe."

Waliketi katikati. Mbele yao lilikaa jitu la miraba minne, koti lake la mvua limeshindwa kufunga. Taa zikazimwa, na hapo kelele zikaanza.

Jamani, kelele zile! Godoro la kwanza lilipoonekana, ukumbi mzima ulipiga kelele, "Godoro!" La pili, "Godoro!" La kituo cha polisi, watu walisimama wakalipigia saluti. Ngazi zilipopandwa, wote walihesabu ghorofa kwa sauti, na walipompita yule mama anayefua walimwamkia kwa pamoja, "Shikamoo, mama!" Mzee alikaa ameshika magoti. Akainama kwenye sikio la mkewe. Meno yalimfanya ateme mate kidogo, lakini alisikika vizuri tu.

"Usikie hiyo. Kafungue choo."

"Ngoja kwanza," alisema Mama Dirisha. Kusema kweli hata yeye hakujua zile kelele ni za nini. Aliwatazama watu usoni akitafuta dharau. Aliona meno ya plastiki tu.

Kikaja kipande cha koti la mvua, na ukumbi ukapiga makofi ya nguvu, mabinti wanaongoza. "Usivue, dada!" mmoja alipiga kelele. "Usiwavulie hao!" Mama Dirisha alitaka kucheka, alitaka kujificha, na alitaka kumshika yule binti amwambie kwamba walibishana asubuhi nzima.

Halafu, ghafla, jitu lile la mbele likageuka nyuma, likaweka kidole mdomoni. "Shiii," likawaambia watu wa mistari yote. "Hapa hatuongei."

Ukumbi ukanyamaza. Kwenye skrini mnyonya damu alianza kushuka ngazi. Hicho kilikuwa kipande pekee kisicho na godoro. Direkta alikipiga siku tajiri alipokwenda msibani. Alikuwa amengoja mchana wote jua liingie kwenye kidirisha cha ngazi, na lilipoingia alimwambia msichana ashuke polepole, asitazame popote. Shuka jeupe linaburuzika nyuma yake, kivuli chake kinamtangulia ukutani, kinafika chini kabla yake. Ndiyo hiyo tu. Hakuna damu wala mapaja. Watu wote wale waliokuwa wakiyapigia saluti magodoro walikaa kimya kama wamefiwa, na msichana mmoja pembeni alikuwa ameshika shavu. Mama Dirisha alimtazama mumewe. Alikuwa amesahau kufunga mdomo, au ni meno, sijui. Macho yake yalikuwa yamejaa maji.

Kipande kikaisha, watu wakavuta pumzi, makelele yakarudi. Na hapo ikaja kona, akaja mwenye nyumba anatetemeka, na ukumbi mzima ukasimama wima kwa miguu. Msichana kwenye skrini alifungua kinywa. Watu mia kadhaa walifungua vinywa naye, wakanguruma kwa pamoja:

"NITAKUNYWA DAWA YAKO!"

Mzee Pasipoti hakuvumilia. Ya magodoro aliyavumilia, ya ngazi aliyavumilia, lakini hilo lilimfika hapa. Aliruka kutoka kitini, koti la mvua linapepea, akanyoosha mkono kuelekea skrini kuwasahihisha wapumbavu wale mara moja na milele. Alitaka kusema, "Ni damu! Damu!"

"Ni dawa!" alipiga kelele, kwa meno ya plastiki. "DAWA!"

Ukumbi ulilipuka. Walimshangilia, wakapiga vigelegele, wakarusha kofia. "Mzee anajua! Mzee anajua!" Jitu la mbele lilimgeukia likampa mkono, akaupokea bila kujijua, kwa sababu alikuwa amesimama amegutuka, anahangaika na mdomo wake. Akajaribu tena, polepole. "Dawa." Akakunja uso. Akayatoa meno, akayatazama. "Damu," alisema. Akayarudisha. "Dawa." Akayatoa. "Damu." Akayarudisha.

"Midomo haikutani," alisema mkewe kutoka kitini. Alikuwa amejishika mbavu na machozi yanamtiririka. "Nilikwambia nini? Miaka yote hii nilikwambia nini?"

Mzee akaketi taratibu. Mabega yakaanza kumtikisika, na Mama Dirisha akamshika mkono haraka kwa hofu, akidhani ni ile presha. Haikuwa presha. Mtu aliyekuwa akiwakataza watu kucheka kila siku ya Mungu alikuwa anacheka, bila sauti kwanza, kisha kwa sauti, kisha kwa makelele kama wengine, mpaka meno yakamtoka yakaangukia miguuni pa jitu lile.

"Mzee wangu," lilimwambia, likimrudishia meno kwa heshima zote, "wewe umetuzidi sote. Hii mara yako ya kwanza?"

"Ya pili," alisema Mzee Pasipoti.

Njiani Mama Dirisha alitembea akimwibia macho, maana alimjua mumewe. Mtu huyo angeweza kusema kwamba zile zilikuwa kelele, na kelele ni kuzomea, na kwamba choo kiko palepale. Angeweza kubisha mpaka alfajiri, na yeye alikuwa ameshatoa neno lake. Walipofika nyumbani alitandaza kitambaa mezani, akaweka glasi ya maji, akaweka bahasha. Akakaa upande wa pili.

Mzee alivua koti la mvua, akalitundika. Akaja akaketi. Alikuwa bado ameyavaa meno. Alimtazama mkewe, yule msichana mwenye macho ya maiti, akatia kidole kinywani akayatoa. Aliyaweka kwenye kitambaa, kando ya bahasha, akajifuta midomo kwa kiganja, akaifunga vizuri. Akaifungua.

"Nitakunywa dawa yako," alisema.

Mama Dirisha alitaka kumjibu kwa ile sauti ya dirishani, lakini machozi yakamtangulia.

"Hii haina kumaliza dozi," alisema. "Hii ni ya maisha."

"Basi acha kulia nimeze," alisema mzee, akanyanyua glasi.